Ngozi Iliyokataa Presi

Hildegarda alivuta mpini wa presi hadi mwisho, akauachia, akainama kutazama. Kikatio kilikuwa kimezama nusu tu. Tundu halikutoka. Kwenye ngozi palibaki duara dogo lililobonyea, kama alama ya meno ya mtu aliyeuma kitu kigumu akaghairi.

Alivuta tena kwa uzito wa mwili wote. Nusu ile ile.

Alifungua kikatio, akakinoa kwenye jiwe mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono wake, akakifunga tena. Alichukua kipande cha ngozi ya zamani, ya ng'ombe wa machinjio ya hapa hapa Kilosa, akakiweka chini ya presi. Kikatio kilipita kama kinapita kwenye papai. Akarudisha ngozi mpya. Kikagoma.

"Mashine hii nayo," alisema peke yake. Aliishtaki mashine, na hapo ndipo alipoanza kukosea.

Presi yenyewe ilikuwa chuma cha kimo cha debe, chenye shingo iliyopinda na nguzo ya meno iliyoshuka kila mpini ulipovutwa. Mafundi wa pikipiki huitumia kusukumia beringi. Evance, fundi wa karibu na stendi, alikuwa amepata kubwa zaidi, hii akamwachia kwa bei ya chuma chakavu. Kuifanya ifae kwa ngozi kulimchukua Hildegarda mwezi mzima. Kitako chake kilikuwa na mapengo, akayafunika kwa bamba nene la chuma, na juu ya bamba akaweka ubao wa plastiki wa kukatia nyama ili makali ya kikatio yasife. Nguzo ilikuwa ikicheza kushoto na kulia; akakata vipande vya bati la kopo la rangi, akavisokomeza pembeni mpaka ikatulia. Chini ya nguzo Evance alimtobolea tundu la kufungia bolti, ili aweze kufunga kikatio cha matundu, akifungue, afunge cha kuviringa ncha ya mkanda, na mwisho afunge muhuri. Muhuri ulikuwa wa mumewe, Cornel: herufi C yenye miale kandokando, aliyoichonga mwenyewe kwenye kichwa cha bolti la reli.

Cornel hakuwa na haja ya presi. Alitumia nyundo ya mti. Alikuwa akigonga mara moja, anasimama kidogo na kiganja chake juu ya ngozi, kisha anagonga tena. Alifariki masika ya mwaka jana kwa homa ya siku sita.

Baada ya arobaini Hildegarda alichukua nyundo ile, kwa sababu kazi nyingine hakuijua. Alipogonga mara ya kwanza tu, mama mkwe wake aliita kutoka chumbani.

"Cornel, acha hiyo kazi uje unywe uji."

Hildegarda alikwenda, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia taratibu kwamba Cornel hayupo, walimzika. Bibi alilia kama aliyepata habari wakati ule ule. Kesho yake nyundo ikalia, bibi akaita, ikabidi aambiwe tena, akalia tena. Siku ya tatu Hildegarda aliifunga nyundo kwenye kanga akaitia sandukuni. Ndipo alipoanza kutafuta namna ya kutoboa ngozi bila mlio.

Bibi huyo alikuwa amezaa watano, na Cornel ndiye aliyekuwa amebaki. Hildegarda na Cornel hawakujaliwa mtoto. Katika nyumba ile ya nyuma ya stesheni waliishi wanawake wawili tu, mmoja akimlisha mwenzake. Lightness, jirani, aliwahi kujaribu kumpa bibi ugali siku Hildegarda alipokwenda kliniki. Bibi alifumba mdomo, akageukia ukutani, akashinda hivyo mpaka jioni.

Ngozi mpya ililetwa na mtu aliyejiita Bonifas, wa Zombo. Alikuja na baiskeli, ngozi ameikunja ndani ya kiroba cha mbolea, imeshatengenezwa, nywele zimetoka, imepakwa weusi. Alisema ni ya dume zee la wafugaji wa Tindiga. Hildegarda aliipokea kwa furaha. Siku hizi ngozi za machinjio zinabebwa zote na malori, fundi mdogo hapati hata mkia. Na kununua ngozi ilikuwa kazi ya Cornel. Yeye alikuwa wa kushona.

Alifunga presi kwenye mbeleko kama mtoto akaipeleka kwa Evance.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine yako imechoka, Evance."

"Mashine yangu? Si ulisema ni yako, hata nikija kuiazima hunipi." Alifuta mikono, akaizungusha mashine. "Hii ni tani moja, mama. Tani moja haishindwi na ngozi. Labda unaivuta kama mjane."

Vijana waliokuwa wakisubiri pikipiki walicheka, kisha wakaacha. Evance alikuna shingo.

"Nisamehe, mama. Ulimi."

"Haya, vuta wewe usiye mjane."

Evance alivuta. Mishipa ilimtoka shingoni. Aliinama, akatazama duara lililobonyea, akapiga mluzi mdogo.

"Huyu ng'ombe alikuwa anakula misumari?"

Hildegarda alicheka pamoja nao. Evance alikata kipande cha bomba la maji, akakichomelea kwenye mpini, ukawa mrefu mara mbili. "Sasa hata ukiweka reli," alisema, "inatoboka."

Ilitoboka kweli. Kwa mpini mpya Hildegarda alivuta kwa mkono mmoja na kikatio kikapita kwa mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti. Hakusikia tena ngozi ikimkatalia. Kwa siku nne alikata mikanda kumi na miwili, akaviringa ncha, akatoboa matundu matano matano, akapiga muhuri wa C mmoja mmoja karibu na kifungio. Ilikuwa mikanda mizuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Aliifunga kwenye gazeti akaituma kwa gari la Mikumi, kwa Devota, mwenye duka pale mabasi ya Iringa yanaposimama watu wale, aliyekuwa akiuza kazi za Cornel tangu zamani.

Alhamisi iliyofuata alikuja Mzee Timotheo. Alikuwa mchunaji wa machinjio kabla miguu haijamharibikia, na ngozi karibu zote za Cornel zilipitia mikononi mwake. Alikuja kumjulia hali bibi. Hildegarda alimsalimia shikamoo, akamwekea kiti mlangoni penye upepo, akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi, mzee alikuwa ameokota kipande cha ngozi sakafuni. Alikuwa akikikunja na kukikunjua kwa vidole gumba.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kuna mtu aliniletea, baba. Dume la wafugaji, Tindiga."

"Dume."

"Ndiyo. Zee."

"Nipe kisu."

Alikata ukingo kwa mshazari, akasogeza kipande juani, akatazama pale palipokatwa. Alinusa. Hildegarda alisimama na kikombe mkononi, chai ikimwunguza vidole, asikiweke.

"Nimechuna miaka thelathini na minne," mzee alisema. "Wa Wamasai, wa Wasukuma, maksai waliolima mpaka wakafa. Dume zee, shingoni, ngozi yake inafika kidole changu hiki. Lakini hii si shingo. Hii ni ubavu."

"Labda lilikuwa dume kubwa."

"Labda." Alikirudisha kipande sakafuni, upande wa juu chini. "Ilikuja na karatasi?"

Hildegarda alikiweka kikombe chini. Mzee aliegemea fimbo yake, akanyanyuka.

"Mwanangu, mimi nilikuja kumwona mama yako. Nimemkuta hajambo. Kingine sikukiona."

Aliondoka bila kuigusa chai. Alitembea haraka kuliko miguu yake ilivyoruhusu, na alipofika pale njia inapokuwa nyembamba hakugeuka kupunga mkono kama desturi yake.

Hildegarda alikaa kwenye kile kiti. Mzee hakutaja jina la mnyama, na hakukuwa na haja. Mtu anayeishi Kilosa anajua hifadhi iko upande gani. Anajua pia, kwa kusikia redio na kwa kusikia majirani, maneno yale matatu: nyara za Serikali. Anajua watu waliokutwa na kipande cha nyama kavu ndani ya sufuria wakaondoka na gari la kijani, na wake zao wakawa wanauliza mwaka huu, wanauliza mwaka ujao. Miaka ishirini, watu walisema. Yeye alikuwa na hamsini na mbili.

Aliingia ndani akashusha kopo la Cornel kutoka juu ya kabati. Ndani yalikuwa makaratasi yote, yamefungwa kwa uzi: kila ngozi aliyowahi kununua ilikuwa na kibali chake, chenye muhuri wa ofisa mifugo. Miaka kumi na saba ya makaratasi. Alikuwa akiliona kopo lile kila siku na kulipangusa vumbi. Hata siku moja hakujiuliza kwa nini Cornel alilitunza.

Akawaza ile nyundo. Cornel angegonga mara moja, angesimama, kiganja kingemwambia. Yeye ngozi ilipomwambia, mara tatu, mara nne, alikwenda kuongezewa mpini.

Alimpigia Devota.

"Mbona sauti kama umemeza chura?" Devota alisema. "Mikanda imefika, mwaya, na watu wanaipenda. Mitatu imeshakwenda. Mmoja kachukua dereva wa lori la Zambia, mmoja mwalimu, mmoja askari wa hifadhi."

Hildegarda alishika ukuta.

"Askari gani?"

"Yeremia, yule mrefu. Mtu mzuri sana. Aliugeuza geuza, akauliza nani fundi. Nikamwambia fundi wa Kilosa, mke wa marehemu Cornel. Akaomba namba yako, nimempa. Huenda anataka ya jeshi zima. Utanishukuru. Dada Hilda? Umeniacha?"

"Nipo. Nakuja kesho."

"Kuja kufanya nini?"

"Rangi. Nilikosea rangi."

Alipokata simu aliiweka mezani akaitazama, akiogopa isije ikaita. Alianza kukusanya vipande. Vilikuwa kila mahali: chini ya meza, kwenye ndoo, kimoja bibi alikuwa nacho kitandani akikipapasa kama rozari. Hildegarda alikitoa mkononi mwake, kidole kimoja kimoja. Alivipeleka jikoni, akavitia motoni. Harufu ilipanda mara moja, nzito, ya nywele na mafuta, ikajaa ua.

"Mama Hilda," Lightness aliita kutoka ng'ambo ya ukuta, "unachoma kwato? Leo tunakula supu?"

Akamwagia moto maji. Vilivyoungua nusu alivifunga kwenye mfuko pamoja na vizima. Ngozi iliyobaki, zaidi ya nusu, aliikunja akazunguka nayo nyumbani. Juu ya dari panya wangeishusha. Shimoni kuku wangefukua. Mwisho aliisukuma chini ya kitanda cha mama mkwe, nyuma ya beseni, na mfuko wa vipande nyuma yake.

"Unatafuta nini huko chini, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Viatu vyako, mama."

"Siendi popote mimi."

Hildegarda alifungua muhuri kwenye presi akaenda nao chooni. Alisimama juu ya tundu, bolti lile zito kiganjani. Kisha akakumbuka mikanda kumi na miwili iliyokwisha kupigwa C, mmoja umo ndani ya lori linaloelekea Zambia. Kuutupa muhuri kungemfaa nani? Alirudi nao ndani ya pindo la kanga.

Siku ile kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimsimamisha. Mtu wa umeme alipita kusoma mita, akamkuta mlangoni amenyoosha mikono kama anayengojea kufungwa.

Asubuhi alimlisha bibi mapema, akamshibisha kuliko kawaida, akamwomba Lightness akae naye. "Akikataa kula, mwache. Mpe maji tu. Nitarudi." Neno hilo la mwisho alilisema mara mbili.

Njia nzima alikaa dirishani, mkoba mtupu mapajani. Alikuwa amepanga: achukue mikanda tisa iliyobaki, ashuke nayo porini mahali fulani wakati wa kurudi, aizike. Lakini gari lilipopita upande wa Zombo na yeye kuona waendesha baiskeli wenye viroba, kila mmoja akiwa na mgongo kama wa Bonifas, akatambua kwamba kurudi nayo njiani ndiko kukutwa nayo. Na kuiacha ni kukutwa nayo pia. Alijaribu kusali, akajikuta anahesabu siku ambazo mtu mzee anaweza kukaa bila kula.

Mikumi malori yalikuwa yamejipanga kando ya lami, nyani wawili wakigombea ganda la ndizi. Devota alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha duka lake, amevaa gauni jipya, mmoja wa mikanda ile kiunoni.

"Rangi gani inayochuja?" alianza hata kabla ya salamu. "Nimeuvaa siku mbili, tazama gauni, jeupe."

"Vua, Devota."

"We, nivue nguo barabarani?"

"Mkanda. Vua mkanda."

Devota alimtazama usoni, mzaha ukamtoka. Aliuvua. Walikuwa wanashusha mingine kwenye misumari, wa sita, wa saba, mlango ulipotiwa kivuli.

"Hodi humu. Habari za Kilosa, mama."

Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, sare ya kijani imepigwa pasi. Devota alimkaribisha kwa sauti ya juu mno, akamvutia kreti la soda. Yeremia aliketi bila haraka, kofia juu ya goti.

"Wewe ndiye fundi. Pole kwa msiba. Nilimfahamu marehemu kwa kazi yake tu."

"Nimeshapoa," Hildegarda alisema.

"Nimeitazama sana kazi yako. Matundu yake. Safi, hayana mpasuko. Unapiga na nyundo?"

"Presi. Ya mkono."

"Ya mkono. Kubwa?"

"Ndogo. Ya kusukumia beringi. Nimeibadilisha kidogo ifae kwa ngozi."

"Tani ngapi?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Hildegarda aliona kupitia mlangoni gari la kijani limeegeshwa ng'ambo ya barabara, askari wawili wameliegemea.

"Moja," alisema.

"Moja." Yeremia alitikisa kichwa. "Baba yangu alikuwa fundi viatu, Ifakara. Moja haitoboi ngozi hii, mama."

"Niliongezewa mpini."

"Uliongezewa mpini. Kwa nini?"

Devota alikuwa amesimama na mikanda saba mkononi, hajui aiweke wapi. Lori lilipita, madirisha yakatetemeka, na Hildegarda akangoja lipite kwa sababu baada ya lori hakutakuwa na kitu kingine cha kungojea.

"Kwa sababu ilikataa," alisema. "Ilikataa, nikadhani presi ni mbovu. Nilinoa kikatio, nikavuta, ikakataa. Sikujua, baba. Nimejua jana. Ile si ngozi ya ng'ombe."

Baada ya hapo hakuweza kunyamaza. Alimtaja Bonifas, na Zombo, na baiskeli nyeusi yenye kiti cha nyuma kilichofungwa kwa mpira, na kiroba cha mbolea, na kwamba hakuomba karatasi. Alisema ngozi iko chini ya kitanda cha mama mkwe wake, na vipande viko kwenye mfuko, vingine vimeungua. Alifungua pindo la kanga, akaweka muhuri juu ya kreti la pili.

Yeremia alingoja mpaka maneno yakaisha. Kisha akatoa mfukoni mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na mkanda, umefungwa uzi wenye kijikaratasi.

"Nimekaa nao siku tano," alisema. "Nyati nimewaona wengi, wazima na waliokufa. Leo tulikuwa tunakuja kwako. Lile gari lilikuwa linangoja mafuta tu."

Hildegarda alifunga tena pindo la kanga, tupu.

"Nani mwingine aliyeiona ngozi hiyo?"

Akilini alimwona Mzee Timotheo akienda zake haraka kwa miguu yake mibovu.

"Hakuna," alisema.

Yeremia alimtazama, akaandika.

Walirudi Kilosa kwa gari la kijani. Hildegarda alikaa katikati. Hawakumfunga. Nyumbani Lightness alikuwa mlangoni, mkono mdomoni, na majirani wametoka kusimama kwenye vivuli vya nyumba zao, kama siku ya mazishi ya Cornel. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa ashuhudie. Askari mmoja alipiga magoti akaingiza mkono chini ya kitanda.

"Ni wageni wa Cornel?" bibi aliuliza.

Yeremia alivua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekula?"

"Tumekula, bibi."

"Huyu binti kaniacha na njaa leo."

Walibeba ngozi, mfuko wa vipande, vikatio vyote. Presi waliipiga picha, wakapima mpini wake, wakaiacha, maana mwenyekiti alisema haiendi popote. Hildegarda aliweka kidole gumba kwenye wino, kisha sahihi, kisha kidole tena. Mwenyekiti akasaini kumdhamini. Kila Jumatatu, saa tatu, aripoti kituoni.

"Nitaandika kwamba ulisema mwenyewe kabla sijakuuliza habari ya mnyama," Yeremia alimwambia penye gari. "Na umri wa bibi nitauandika. Kuandika ni kwangu. Kuamua si kwangu."

"Na Bonifas?"

"Tunamtafuta." Alivaa kofia. "Funga mlango wako. Naye atasikia kwamba umemtaja."

Zimepita Jumatatu tatu. Kila Jumatatu Hildegarda huvaa gauni la kwenda kanisani, huoga mapema, hufunga ndani ya kitambaa mswaki na kanga ya pili, kwa sababu hajui ni Jumatatu ipi hatarudi. Kituoni humwambia faili liko kwa wakubwa, aende, arudi wiki ijayo. Bonifas hajapatikana. Zombo wanasema hakuna mtu wa jina hilo, au yuko wa jina hilo ila ni mzee wa kanisa asiye na baiskeli. Kila kiroba kikipita nje, Hildegarda husogea mbali na dirisha. Mzee Timotheo alimtumia sukari kwa mjukuu wake, bila neno.

Presi imefunikwa gunia. Hajaigusa.

Jumatatu ya tatu, aliporudi, hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akavua viatu, akamkuta Lightness jikoni akikoroga uji.

"Leo mpe wewe," alisema kwa sauti ya chini.

"Atakataa, mama. Unamjua."

"Mjue hata nisipokuwepo. Kaa upande wa kulia, ndilo sikio linalosikia. Usimwambie kula. Zungumza habari nyingine, mwambie mvua imenyesha, mwambie treni imechelewa. Akikugeukia kutaka kujua, hapo ndipo umpe. Kijiko kiguse mdomo wa chini kwanza."

"Kwani unakwenda wapi, mama?"

Hildegarda alimfunga kanga kiunoni, yake mwenyewe, ile anayoivaa kila siku, yenye harufu yake.

"Nenda, uji unapoa."

Alisimama nyuma ya pazia la mlango, mgongo ukutani, mikono imeziba mdomo. Alimsikia Lightness akiketi. Alisikia habari za mvua. Alimsikia bibi akiuliza, "Wewe nani?" Kisha akasikia kijiko kikigonga sahani, kikirudi. Kikigonga, kikirudi. Uji ukimwagika kwenye shuka. Lightness akaanza upya: treni imechelewa, bibi, abiria wamejaa stesheni, wengine wametoka Tabora.

"Tabora?" bibi alisema.

Hildegarda alifumba macho. Hakujua aombe nini, bibi akatae au akubali.

Kisha akamsikia bibi akimeza.